Mtoto Kahamia Makomeno, Habari za Damu Yake Zimebaki Wapi?

Daktari wa Lubumbashi anapofungua fishi ya mgonjwa mpya, haraka hufika kwenye swali ambalo wengi hulijibu bila kufikiri: kwenu kuna mwenye presha, kisukari, SS, kansa? Aliyekulia kwa wazazi wake hujibu kwa kutaja watu: baba alianguka kwa presha, shangazi anachoma insulini. Aliyelelewa na wengine, akakua bila kujua aliyemzaa ni nani wala alikufa kwa nini, hujibu "sijui", na daktari anapiga mstari kwenye nafasi iliyobaki wazi. Mstari huo huchukuliwa kuwa jambo dogo la makaratasi. Hoja yangu ni kwamba si dogo, na kwamba hapa kwetu pengo hilo halikuletwa na sheria wala na faili lililotiwa kufuli. Limeletwa na ukimya wa familia, na ukimya huo umesimama juu ya kuchanganya mambo mawili yanayoweza kutenganishwa: kumjua mzazi, na kujua magonjwa ya mzazi. La kwanza lina aibu, urithi na ugomvi ndani yake. La pili linaweza kusafiri bila jina.

Tutazame njia anazopita mtoto. Katika karte ya Makomeno, ndani ya komini ya Lubumbashi, kama ilivyo katika karte nyingine za mji huu, njia iliyo pana kuliko zote haina jaji. Mtoto anatoka Kasenga, Pweto au Mwene-Ditu, anakuja kukaa kwa mama mdogo, kwa binamu wa baba, au hata kwa rafiki wa familia, asome na asaidie kazi za nyumbani, na miaka inapita mpaka majirani wanasahau kwamba alifika na mfuko wa nguo. Njia ya pili ni ya mahakama. Kanuni ya Familia, yaani sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaruhusu kuasili mtoto, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ilileta mahakama ya watoto. Jambo la kuzingatia ni kwamba sheria ya Kongo haimkati mtoto na alikotoka. Anayeasiliwa hupata wazazi wengine, na bado anabaki na uhusiano wake na familia iliyomzaa. Hapo tuko mbali na Uingereza, ambako aliyeasiliwa England na Wales alingoja sheria ya mwaka 1975 ndipo akapata haki ya kuomba cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa akitimiza miaka 18, na mbali zaidi na majimbo mengi ya Marekani yaliyofungia vyeti hivyo kwa miongo. Sheria yetu hata inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na asipopatikana aliyezaa inaelekeza achaguliwe baba wa kisheria kutoka familia ya mama. Baba huyo anasimama kwenye mahari na anajibu mbele ya serikali. Habari za moyo, figo na damu ya mwanamume aliyezaa hana pa kuzitoa.

Kwa hiyo mlango wa sheria uko wazi, ila nyuma yake hakuna aliyeandika kitu. Tena pengo haliishii kwa watoto waliochukuliwa na watu baki. Mtoto anayelelewa ndani ya ukoo wake mwenyewe mara nyingi anajua nusu moja tu. Kwa Wabemba na Walamba, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ndiye nguzo na magonjwa ya upande wa baba husahaulika upesi. Kwa Waluba wa Katanga, wanaohesabu kwa baba, mambo hugeuka. Mtoto aliyelelewa Makomeno na dada wa baba yake anaweza kuwa na jina kamili la ukoo, akahudhuria matanga yote ya upande huo, na asijue kwamba dada watatu wa mama yake walipofuka kabla ya miaka 50. Wengi wa namna hii hawajihesabu kuwa watoto wa kuasiliwa. Wanaulizwa na daktari, wanajibu kwa upande mmoja, na daktari anaandika kana kwamba ameambiwa yote.

Hasara ni ipi hasa? Watu wa Lubumbashi wataanza na SS, ugonjwa ambao Tanzania huitwa selimundu, na wana sababu. Kongo inakadiriwa kuwa nchi ya tatu duniani, baada ya Nigeria na India, kwa idadi ya watoto wanaozaliwa nao. Uchunguzi wa watoto wachanga zaidi ya 31,000 mjini Kinshasa, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta 1.4% wana SS na karibu 17% ni AS, yaani wanabeba jeni moja bila kuugua. Lakini nitasema jambo ambalo wengi hawatalitarajia: kwa SS, habari za familia ni ushahidi dhaifu. Mwenye AS anaishi vizuri, anacheza mpira, anazeeka, na ukoo mzima unaweza kuapa kwamba "kwetu hakuna SS" huku nusu yao wakiibeba. Kipimo cha elektroforesi ya himoglobini kinamwambia mtoto wa kulelewa kila anachohitaji kujua kuhusu damu yake bila kumtafuta mtu. Hapa anayedai kwamba maabara inatosha yuko sahihi, na ni vizuri kumpa haki yake mapema, maana kukubali hilo kunatusaidia kuona wapi maabara inakoma.

Inakoma, kwanza, kwenye magonjwa ambayo hayana kipimo kimoja cha ndiyo au hapana. Mwanamume ambaye baba yake au kaka yake aliugua kansa ya tezi dume ana hatari takriban mara mbili ya mwingine. Mwanamke ambaye mama yake au dada yake aliugua kansa ya matiti, hali kadhalika. Presha ya macho, inayoiba kuona polepole bila maumivu, huwapata ndugu wa karibu wa mgonjwa mara kadhaa zaidi ya watu wengine, na ikigunduliwa mapema kuna dawa za matone na upasuaji wa kuizuia. Ikichelewa, kilichopotea hakirudi. Hakuna tone la damu litakalomwambia mtu wa miaka 35 aende kupimwa macho sasa badala ya kungoja. Linalomwambia ni habari kwamba mama alipofuka. Pili, kuna mambo ambayo maabara ingeweza kuyasema, ila hakuna anayefikiria kuagiza kipimo mpaka asikie kisa. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD umeenea katika nchi za malaria, na kwa wavulana hutoka kwa mama. Mwenye nao akimeza primakwini au dapsoni, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka kwa wingi. Mjomba aliyegeuka manjano na kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza vidonge ni onyo lenye thamani kubwa kwa mpwa wake, na mpwa aliyelelewa mbali halisikii kamwe.

Halafu kuna upande unaosahaulika karibu kila mara mjadala huu unapozuka: habari hutakiwa pia kwenda kwa ndugu waliobaki. Mtoto aliyelelewa akipimwa na kukutwa SS, hilo si jambo lake peke yake. Maana yake mama aliyemzaa na baba aliyemzaa wote wanabeba jeni hiyo, na kama bado wako pamoja, kila mimba yao ina hatari ya moja kwa nne ya kumzaa mwingine mwenye SS. Akikutwa AS, angalau mmoja wao anabeba, na ndugu zake wa baba na mama mmoja wana uwezekano usiopungua nusu wa kuwa hivyo nao. Mama huyo pengine ana miaka 30, yuko Likasi au Kipushi, anazaa bado. Anayejua ni mlezi wa Makomeno, ambaye ameapa kutomtafuta. Tangu Januari 2019, utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa katika jarida la tiba la New England umeonyesha kwamba dawa ya hidroksiurea huwapunguzia watoto wa Afrika wenye SS maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo. Kujua mapema kuna faida ya kweli, na faida hiyo haibagui aliyezaa na aliyelea. Anayeudai ukimya kwa jina la kumlinda mtoto amesahau kwamba mtoto naye ana wadogo zake.

Katika mji wa shaba hoja hii inaongezeka uzito kwa namna ambayo vitabu vya tiba vya Ulaya haviisemi sana. Mwaka 2020 jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na vyuo vya Ubelgiji, uliolinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana na wengine 108 wasio nazo. Kitu kilichojitokeza kuhusiana na kasoro hizo kilikuwa kazi ya baba katika migodi ya shaba na kobalti. Idadi ni ndogo na watafiti wenyewe hawakusema mambo yameisha. Hata hivyo inatosha kutuonyesha kwamba hapa historia ya magonjwa ya familia haiishii kwenye jeni. Ina kazi ndani yake, ina vumbi, ina mahali mama alipochota maji alipokuwa na mimba. Mchimbaji wa kujitegemea wa Kawama au Kipushi aliyezaa mtoto na kutoweka ameondoka na habari ambayo kipimo cha jeni hakiwezi kuirudisha. Karatasi inayouliza "baba alikuwa na kisukari?" bila kuuliza "baba alifanya kazi gani?" imeandikwa kwa ajili ya mji mwingine.

Mji wenyewe ulijengwa kwa kuhamisha watu. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilivuta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda-Urundi na ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 ikawahimiza waje na wake zao, na watoto wakazaliwa katika zahanati za kampuni. Kwa miongo kadhaa, ofisi iliyojua zaidi magonjwa ya familia ya mfanyakazi wa Katanga ilikuwa hospitali ya kampuni, kwanza ya Union Minière, kisha ya mrithi wake, Gécamines. Ilikuwa kumbukumbu ya mwajiri, haikuwa ya familia, na mwajiri alipoyumba ikayumba naye. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuacha kazi kwa hiari, na familia zao zikapoteza matibabu ya kampuni. Kabla ya hapo, mwaka 1992 na 1993, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Ndoa za mchanganyiko zilipasuka, watoto wengine wakaenda na treni, wengine wakabaki upande wa mzazi wa Katanga. Waliokuwa na miaka mitano wakati ule wanakaribia 40 sasa. Ndio umri ambao presha na kisukari huanza kubisha hodi, na nusu ya ukoo iko Mbuji-Mayi ambako hawajawahi kufika.

Kisa kilicho wazi kuliko vyote kiko kusini-mashariki, karibu na Kasumbalesa. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, kampuni ya Kijapani ya Nippon Mining ilichimba shaba Musoshi kupitia shirika la Sodimiza. Wafanyakazi wa Japani walipata watoto na wanawake wa Katanga. Kampuni ikaondoka mwaka 1983, na wengi wa watoto hao wakabaki bila anwani ya baba. Waliokua wakaunda chama chao na wamekuwa wakiomba kuunganishwa na upande wa pili. Mwandishi wa habari wa Japani, Miura Hideyuki, alitoa kitabu kuhusu watu hao mwaka 2022. Magazeti yalipoandika juu yao yalishika zaidi utambulisho na fidia, na hayo ni mambo mazito. Lakini fikiria upande wa zahanati. Karibu watu wanne kwa kumi wa Asia ya Mashariki wana aina ya jeni la ALDH2 inayofanya mwili ushindwe kuisafisha pombe vizuri: uso unakuwa mwekundu, moyo unapiga mbio, na anayezoea kunywa hivyo hivyo anaongeza hatari ya kansa ya umio. Jeni moja kutoka kwa mzazi mmoja linatosha kuleta hali hiyo. Daktari wa Lubumbashi akimwona mwanamume wa miaka 45 anayelalamika kwamba chupa moja ya bia ya Simba inamwasha uso, hana sababu ya kuwaza Japani, isipokuwa kama kuna mahali pameandikwa. Na baba huyo, kama yu hai kule Japani, hana haja ya kutaja jina lake ili kueleza kwamba ndugu zake wawili walikufa kwa kansa ya tumbo.

Wapo pia waliotolewa kwa nguvu. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliitia hatiani dola ya Ubelgiji kwa jinai dhidi ya ubinadamu katika kesi ya wanawake watano, Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi. Walichukuliwa kwa mama zao wakiwa wadogo wakapelekwa misheni ya Katende huko Kasai, kwa sababu tu baba zao walikuwa wazungu. Kila mmoja alipewa euro 50,000. Waziri Mkuu Charles Michel alikwisha kuomba radhi bungeni tarehe 4 Aprili 2019 kwa niaba ya nchi yake, na Hifadhi ya Nyaraka ya Ubelgiji ina mradi wa kuwasaidia machotara wa ukoloni kupata faili zao. Mafaili hayo yaliandikwa kwa haja ya utawala: nani baba, mtoto apelekwe wapi, nani analipa. Mzee wa miaka 75 anayefunguliwa faili lake leo anaweza kupata tarehe na jina, na bado akarudi kwa daktari wake na swali lile lile. Katika karne hii tumeona pia watoto wa eneo la Gemena waliochukuliwa kwa wazazi walioambiwa wanakwenda kambi ya likizo, wakaishia kuasiliwa Ubelgiji kama yatima, hadi vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba wazazi wako hai. Serikali ya Kongo ilikuwa imesimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni tangu Septemba 2013. Mtoto aliyesafirishwa kwa hati za uongo anasafiri na historia ya tiba ya uongo vilevile, na hilo ni dhuluma ya pili ambayo haikuhesabiwa mahakamani.

Hoja za kupinga ni nyingi, na nyingine zina nguvu. Iliyo nzito zaidi ni ya mama. Kuna aliyezaa kwa kubakwa, kuna aliyezaa akiwa shuleni, kuna ambaye mume wa sasa hajui lolote, na kwake barua yenye muhuri wa hospitali ni bomu ndani ya nyumba. Mtu huyu ana haki. Kanuni ya Adhabu ya Kongo, kifungu cha 73 cha Kitabu cha Pili, inamwadhibu daktari anayetoa siri ya kazi yake, na sitaki kifungu hicho kilegezwe. Lakini tazama kinachoombwa. Mama akiulizwa siku ile ile anapomtoa mtoto, mbele ya mkunga au mfanyakazi wa jamii, kwamba kwao watu hufa kwa nini na katika umri gani, hakuna barua itakayomfuata baadaye. Shida ya barua huzaliwa na kuchelewa. Tunapomwacha aondoke bila kumuuliza, ndipo tunapolazimika kumtafuta miaka 20 baadaye, akiwa na ndoa na watoto wengine.

Wengine watasema familia zetu hazijui zilichougua. Mtu alikufa "kwa tumbo", au alirogwa, au alikufa ghafla. Hakuna aliyepasuliwa wala kupimwa. Ni kweli. Ila wataalamu wa afya ya jamii ulimwenguni hutumia kila siku mahojiano na wafiwa ili kukadiria sababu za vifo mahali pasipo na vyeti, kwa hiyo kumbukumbu ya nyumbani si takataka. Nkambo, yaani babu au bibi, hajui neno kiharusi, lakini anajua kwamba kaka zake wawili walianguka, mdomo ukapinda, mkono mmoja ukafa, na wote hawakufika 50. Daktari hahitaji zaidi ya hapo kuanza kupima presha ya mjukuu kila mwaka. Umri wa kufa, dalili zilizoonekana na idadi ya watoto waliokufa wachanga vinaweza kusemwa kwa Kiswahili cha sokoni.

Hofu ya lawama siwezi kuifuta kwa aya moja. Katika mji ambao watoto wameitwa wachawi na kutupwa nje, hadi Wasalesiani wa Don Bosco wakawa na kituo cha Bakanja cha kuwapokea watoto wa mitaani, habari kwamba mtoto "ana ugonjwa wa kwao" inaweza kugeuka fimbo. Mlezi anaweza kumrudisha. Shangazi anaweza kusema mama yake alikuja na laana. Kwa sababu hiyo karatasi yenye majibu ya mama isikae kwenye kabati la nyumba ya mlezi. Ikae mahakamani na kwenye kituo cha afya, isomwe na daktari, na mtoto apewe akifikia umri wa kuielewa. Nikubali kwamba mji wetu ni mdogo kuliko idadi ya watu wake. Habari isiyo na jina bado inaweza kumfichua mtu, hasa ugonjwa ukiwa wa nadra. Hatari hiyo ipo, na bado ni ndogo kuliko ya mtu kuanza kusafishwa damu kwa mashine akiwa na miaka 40 kwa figo ambazo kaka zake wa damu, kilomita 100 kutoka kwake, walikuwa wanatibiwa.

Kuna pia urithi. Ndugu wa damu wanaogopa kwamba anayekuja kuulizia presha ya baba kesho ataulizia na parseli ya baba. Hofu hiyo ina msingi katika sheria yenyewe, maana mtoto hakukatwa na familia yake ya asili. Hapo ndipo kutenganisha kunapofaa kwa pande zote: daktari wa upande mmoja akizungumza na daktari wa upande wa pili, hakuna anayeingia uani kwa mtu, na swali la parseli linabaki kwa jaji kama lilivyokuwa. Wapo, mwisho, wanaosema teknolojia imemaliza kazi: mtu ateme mate kwenye kichupa, akitume Marekani, apate ndugu zake na magonjwa yake yote. Wakongo waliolelewa Ubelgiji wana nafasi ya kujaribu. Lakini hazina za kampuni hizo zimejaa watu wa asili ya Ulaya, na binamu wa Pweto hayumo. Makadirio ya hatari nayo yamejengwa kwa sehemu kubwa juu ya damu za Ulaya. Kampuni ya 23andMe iliibiwa data za watu karibu milioni 7 mwaka 2023, kisha Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, huku wateja wakijiuliza nani atanunua mate yao. Sioni kwa nini tungekabidhi siri za ukoo huko kabla ya kumuuliza mama mkubwa aliye hai.

Kinachobaki ni kusema karatasi iulize nini. Kipimo ninachokipendekeza ni rahisi: iulize yale tu ambayo mwili wa mtoto hauwezi kuyasema wenyewe. Virusi vya UKIMWI visiwemo, kwa sababu mtoto anaweza kupimwa mwenyewe na sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda siri ya anayeishi navyo. Kumwanika mama hakumwongezei mtoto kitu. SS nayo ipimwe kwa mtoto, na jibu lirudishwe kwa waliomzaa kupitia kituo cha afya. Nafasi ibaki kwa vifo vya mapema na dalili zake, upofu, kansa na umri wa aliyeugua, dawa iliyomdhuru mtu wa ukoo, ujauzito ulivyokwenda, kazi ya baba na ya mama. Si wazo geni. Mkataba wa La Haye wa tarehe 29 Mei 1993 kuhusu kuasili kati ya nchi na nchi unataka ripoti ya mtoto iwe na historia ya tiba yake na ya familia yake, na unazitaka mamlaka zihifadhi habari hizo. Ajabu ni kwamba mtoto anayepelekwa Brussels kwa njia ya mkataba huo angeandikiwa haya, na anayetoka Kasenga kuja Makomeno hakuna anayefikiria kumwandikia, ingawa yeye ndiye wa kawaida.

Majaji wa mahakama ya watoto ya Lubumbashi hawahitaji kungoja bunge ili kudai karatasi hiyo pamoja na ripoti ya mfanyakazi wa jamii katika kila ombi la kuasili. Vituo vya afya vinaweza kuiweka wodi ya wazazi. Lakini wengi wa watoto hawa hawatapita mbele ya jaji, kwa hiyo ombi la mwisho ni kwa familia: likizo ijayo mtoto mliyempokea akirudi kijijini, au nkambo wake akija mjini kutibiwa, mkalisheni nkambo chini na daftari na kalamu, mumuulize waliokufa walikuwa na miaka mingapi na walianza kuumwa wapi. Wanaokumbuka Katanga ya miaka ya 1960 sasa wana zaidi ya miaka 60.